Pua ya Dalali Sassi

Ukiuliza hapa sokoni, mjini Humt Suk, ni nani aliyemshusha Sassi kutoka kwenye kiti chake, utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza. Wengine watasema ni homa. Wengine watasema ni Hajati Mannana na mdomo wake. Waache waseme. Mimi naketi hatua tatu kutoka kwenye kile kiti, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nyusi, na ninajua zaidi yao wote. Miaka mitatu nimejitia hamnazo. Imenichosha.

Naitwa Zayed, mpara samaki. Unanunua samaki wako mnadani, unaniletea, nampara, namtoa matumbo, nakukatia upendavyo, unakwenda zako. Si kazi ya kuringia. Mke wangu Regaya husema hata siku nikifa, wanioshe mara saba, bado nitanuka mkizi. Lakini pua yangu hata yeye haigusi. Mtungo wa samaki ukipita mbele yangu nakwambia wametoka majini alfajiri ya leo au ya jana, wamelala kwenye barafu au kwenye kivuli tu. Wala sikusomea popote. Ni miaka thelathini ya kuinama juu ya matumbo ya samaki, basi.

Sassi bin Ayubu alikuwa dalali wa kiti cha katikati. Viti viko vitatu, virefu, unapanda kwa vidato, na aliyeketi juu anaonekana na soko zima. Babake alikalia kile kile, na babu yake kabla ya hapo. Kila asubuhi Sassi alikuja na kofia yake nyekundu, ua la yasmini nyuma ya sikio, akapanda, akajikohoza mara mbili, na watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Alikuwa na maneno yule mtu!

"Belgasem! Fungua mkono, ndugu yangu, samaki hawaumi, wameshakufa!"

"Hajati, usiniangalie hivyo, mke wangu yuko pale kwa muuza limau!"

Wavuvi walimletea samaki waliotungwa kwenye kamba ya makuti, kumi, kumi na wawili. Na kabla ya kuunyanyua mtungo, alifanya kitu ambacho kila dalali wetu hufanya. Aliupeleka puani, akavuta pumzi, soko zima likimtazama, kisha akasema, "Wa leo!" Akishasema hivyo, basi. Mnunuzi hamwulizi mvuvi tena, anajua dalali amekwisha apa. Na dalali aliyeapia samaki mbovu hushuka kitini siku hiyohiyo, hapandi tena. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali, wala hakuna aliyewahi kuibishia.

Mtungo ukiwa na walakini, Sassi hakumwumbua mvuvi. Aliushusha taratibu na kumwambia, "Huu wapelekee watoto nyumbani." Mvuvi alielewa, soko lilielewa, na mambo yakaendelea. Nilimpenda kwa hilo. Madalali wengine wana midomo.

Sasa, mwaka ule wa homa, ule ambao hata misikiti ilifungwa, Sassi aliugua wiki tatu. Soko lilipofunguliwa alirudi amekonda, lakini sauti ni ileile. Tukashukuru Mungu. Siku ya tatu au ya nne ukaletwa mtungo wa ngisi ambao mimi, kwenye ubao wangu, nilitaka kuziba pua. Sassi akaupeleka puani. Akavuta pumzi. Nikamwona anafungua kinywa, na neno linalokuja ni "wa."

Sikufikiri. Nilikipiga teke chombo changu cha matumbo, kikamwagika chote chini ya kiti chake.

"We Zayed! Una wazimu?"

"Samahani, Ami Sassi, mguu umeteleza. Shuka kwanza nisafishe."

Umri wetu ni mmoja, lakini sokoni kila mtu humwita Ami, hata sisi tuliochezea naye vumbi. Akashuka akinitukana. Nilipoinama karibu yake nikamnong'oneza, "Ngisi wameoza, mwanaharamu wewe. Umekuwaje?"

Akamrudishia mvuvi mtungo wake, na mnada ukaendelea, yeye akitazama kila mtungo kama mtu anayetafuta sindano.

Baada ya kazi tulikwenda mkahawani. Alikoroga kahawa yake muda mrefu, halafu akaisogeza mbele yangu.

"Nusa hii."

"Kahawa. Ina iliki kidogo."

"Kwangu mimi ni maji ya moto," akasema. "Tangu homa. Kahawa, samaki, ua hili, mke wangu, vyote sawasawa. Nilidhani macho yatatosha. Nitazame mashavu ya samaki, nimbonyeze kwa kidole."

"Mashavu hupakwa damu ya samaki mwingine. Unajua."

"Najua."

"Basi shuka, Sassi. Sema ukweli, upumzike."

Alinitazama kama nimemwambia auze nyumba ya babake. "Nikishuka pale mimi ni nani, Zayed? Hebu niambie. Nitakaa nyumbani nihesabu kuku?"

Roho iliniuma. Ni rafiki yangu. Mwaka babangu alipokufa ndiye aliyenishika mkono mpaka makaburini. Hapo ndipo tulipopatana. Yeye ataendelea kupeleka mtungo puani kama kawaida. Mimi nitanusa kutoka kwenye ubao wangu. Mtungo ukiwa mzima, nitaendelea na kazi yangu. Ukiwa mbovu, nitagonga ubao kwa mgongo wa kisu mara mbili. Nani angeshangaa mpara samaki akigonga ubao?

Ikaenda miezi minane. Naapa, miezi minane, hakuna samaki mbovu aliyepita. Alikuwa akiinamisha uso juu ya mtungo, anakawia kidogo, macho yake kwenye samaki, sikio lake kwangu. Kimya. "Wa leo!" Nikigonga mbili, "Huu wapelekee watoto." Watu wakaanza kusema pua ya Sassi imekuwa kali zaidi baada ya homa. Akinipitia jioni ananiletea machungwa. Sikumwomba kitu. Nilikuwa naona raha, sitaki kusema uongo. Samaki wote wa Humt Suk walikuwa wakipita kwenye pua yangu, na hakuna aliyejua ila sisi wawili.

Ikafika Alhamisi moja ya mwezi wa kumi. Nataka uelewe hali yangu siku hiyo, si kwamba najitetea. Regaya alikuwa amekwenda kwa kaka yake, kule mjini Midun, siku ya nane hiyo. Alikuwa ameniambia misimu miwili nipake chokaa darini, juu ya paa bapa, kabla ya mvua, maji yatakayotiririka tangini yawe safi. Nikasema kesho. Kesho, kesho. Mvua ikanyesha, maji yakaingia na kinyesi cha njiwa, tangi zima likaharibika. Akafunga nguo zake. "Chokaa ikikauka, nitakuja," akasema. Sikumwambia mtu. Nilimwambia Sassi tu, mkahawani, kwa sauti ya chini, kwa sababu yeye ni Sassi.

Basi Alhamisi hiyo soko limejaa, na Sassi yuko kwenye siku zake nzuri. Akaletewa mtungo wa visamaki vidogo visivyo na mnunuzi. Akavinyanyua.

"Jamani, hivi ni vya mtu anayejipikia mwenyewe! Zayed! Chukua wewe!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, lakini kichwa kikaanza kupata moto.

Belgasem, ambaye hana haya, akauliza, "Kwani mke wa Zayed yuko wapi?"

Na Sassi, kwa kuwa kicheko kwake ni kama mkate, akashindwa kuuzuia ulimi. "Kamkimbia! Siku ya nane leo! Kasema bora anywe maji ya kaka yake kuliko kulala na harufu ile! Mimi mwenye pua hii nimevumilia miaka thelathini, lakini mke naye ni binadamu!"

Wallahi soko lilianguka. Muuza limau alilia kwa kucheka. Wanawake waliovaa kofia zao za ukindu walijifunika nyuso kwa shuka, mabega yakiwatikisika. Na mimi pale, magamba usoni, siri yangu ya nyumbani inatembezwa mnadani kama mtungo wa visamaki. Lakini hata hilo ningelimeza. Kilichonichoma ni lile neno. *Mimi mwenye pua hii.* Pua ipi, Sassi? Pua ya nani?

Nikaendelea kupara chewa wa mtu bila kumwona.

Hapo akaja Mbarek, mvuvi kutoka bandari ya Ajim, mtu mtaratibu, hana makuu. Akamkabidhi mtungo wa changu kumi wazuri. Harufu ikanifikia kabla haujafika juu. Saba wa leo. Watatu wa jana, wamelala kwenye barafu ambayo imeyeyuka. Baadaye tulijua kuwa injini ilimfia njiani na akarudi usiku na samaki kidogo, akaona haya kuja na mtungo nusu, akachanganya.

Sassi akaupeleka puani. Akakawia.

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Kisu kilikuwa juu ya ubao, mgongo chini, tayari. Nikaushusha taratibu, bila mlio. Nikasema moyoni: si una pua? Haya, nusa.

"Wa leo!" akasema Sassi.

Nimeyasema sasa.

Aliyeshinda ule mtungo ni Hajati Mannana, mjane wa mwalimu, mwanamke wa heshima zake, ambaye samaki wake hununua mwenyewe hata mvua inyeshe mawe. Akaniletea ubaoni, uso unang'aa.

"Zayed mwanangu, nipare hawa vizuri. Wakwe wa binti yangu wanakuja leo kwa mara ya kwanza. Watu wa Ajim hao, samaki wanamjua kuliko watoto wao. Usiniumbue."

Bado nilikuwa na nafasi. Ningemwambia, "Hajati, hawa watatu waache, mnong'oneze Sassi akubadilishie." Neno moja tu. Yeye angekubali, na hakuna ambaye angejua. Lakini kiti kile bado kilikuwa kinapiga porojo juu ya kichwa changu, watu bado wanacheka, na moyo wangu ulikuwa mgumu. Nikachukua wa kwanza, mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu nikampasua tumbo.

Hajati alirudi nyuma hatua moja. "Hee! Zayed, hii nini?"

"Sijui, Hajati."

"Hujui? Wewe?"

Akamchukua yule samaki kwa mkia, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya kiti cha katikati. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Sassi. Shika. Nusa."

Watu wakaja mpaka kutoka kwa wauza mboga. Sassi akainama, akampokea, akamweka puani. Akavuta pumzi ndefu. Halafu akainua macho, akanitazama mimi.

Hakunitazama kwa hasira. Angenitazama kwa hasira ningejua la kufanya. Alinitazama kama mtu anayemwuliza mwenzake saa. Alikuwa hajui. Mbele ya soko zima, samaki puani, hakujua kama Hajati anasema kweli au anamzulia, na aliyebaki wa kumwambia ni mimi.

Nikagonga ubao. Mara mbili.

Akaupokea ule mlio. Niliuona unamwingia. Akaitoa yasmini nyuma ya sikio, akaiweka kwenye mkono wa kiti, akashuka vidato vyote vinne akijishika kama mzee, na mpaka siku ile hakuwa mzee.

"Hajati, nisamehe," akasema. "Ni kweli, na kosa si la mvuvi, ni langu. Tangu ile homa sinusi kitu. Hata hilo ua navaa kwa mazoea."

Mbarek akaanza kulia, "Ami Sassi, ni mimi, injini yangu..."

"Nyamaza, Mbarek. Aliyesema wa leo ni mimi."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Miezi yote hii uliwezaje, Ami?"

Nilikamata ukingo wa ubao. Nikasema moyoni, sasa ananitaja, na acha anitaje, ninastahili.

"Kwa sitara ya Mungu," akasema Sassi. Hakugeuka hata kidogo upande wangu. Akamwendea dalali wa kiti cha kushoto, akamnunulia Hajati mtungo mwingine kwa mfuko wake, akamkabidhi kwa mikono miwili, akaondoka kwa miguu kuelekea nyumbani. Kofia yake ilionekana muda mrefu juu ya vichwa vya watu.

Kiti alipewa mtoto wa binamu yake. Pua anayo, lakini anapiga mnada kama mbuzi aliyefungwa. Hakuna anayecheka asubuhi siku hizi.

Wiki ile nilipaka chokaa darini, peke yangu, mikono ikachubuka. Mkahawani singeweza kwenda, na mtu lazima afanye kitu. Nikasafisha na tangi. Regaya alirudi chokaa ilipokauka, akaangalia dari, akaniangalia mimi, akasema, "Kumbe unaweza." Kisha akakaa. "Nasikia Sassi kashuka. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ubaoni."

"Na hukunusa?"

Nikamwambia nina kazi. Akaniacha. Mke wangu anajua mahali pa kutogusa, sijui kwa nini hapo juu nimemfanya aonekane mkali.

Siku arobaini na kitu Sassi hakuonekana sokoni. Kisha Jumatatu moja nikasikia kreti inaburutwa. Akaipindua karibu na ubao wangu, akaketi, hana kofia, hana ua.

"Nimeshahesabu kuku wote," akasema. "Hawatimii hata kumi."

Tangu siku hiyo anakuja. Ananisogezea ndoo, anawafukuza paka, anamdai Belgasem malipo ya vicheko vya zamani. Mara nyingine ananyanyua samaki mmoja na kunisogezea. "Huyu ananukaje?" Nami namwambia. Mwani. Mawe yaliyolowa. Huyu hanuki kitu, ndiyo kwanza ametoka. Anafumba macho na kutikisa kichwa. Katika soko zima hakuna kazi ninayoifanya kwa uangalifu kama hiyo.

Kuhusu siku ile hakusema neno mpaka majira ya baridi. Tulikuwa tunakunja vitu, mimi nikiumwagia ubao maji, yeye akisokota kipande cha kamba ya makuti.

"Zayed," akasema, "siku ile ulikuwa na mafua?"

Alilisogeza swali mbele yangu kama mtu anavyomsogezea mgeni sahani, hata hakunitazama. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye ubao. Yote niliyokuwa nimeyapanga kumwambia, usiku baada ya usiku, yalikuwa pale mdomoni. Mzaha wake, hasira yangu, mkono ulionyanyuka na kushuka.

"Ndiyo," nikasema. "Mafua makali."

"Nilijua. Nilimwambia mke wangu siku ileile. Nilimwambia, Zayed? Haiwezekani. Lazima alikuwa na mafua." Akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Ungeniambia asubuhi ile, ndugu yangu, nisingepanda."

Baada ya hapo, kila baridi ikianza, ananiletea chupa ya mafuta ya zeituni yaliyolowekwa majani ya kutibu mafua, nipake kifuani. Anayatengeneza mwenyewe kwa zeituni zake. Mwaka wa kwanza yalikuwa mazuri. Mwaka huu yameharibika. Yamechacha, yananuka vibaya kuliko ngisi wale, na yeye hana njia ya kujua. Mke wake ana kaya nzima ya kushughulikia, chupa hiyo hajaifungua.

Napaka hivyohivyo, kila asubuhi. Leo Regaya alifungua madirisha yote mawili.

"Zayed, hayo mafuta yameoza! Kwa nini usimwambie tu?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nikafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, nikachukua kisu changu, nikaenda sokoni. Sassi alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kreti yake, ndoo imejaa maji.

"Kifua vipi leo?" akaniuliza.

"Afadhali," nikasema. "Mafuta yako yanasaidia."